Mbona kwenye dirisha la dawa hatuulizwi dawa nyingine tunazomeza?



Mimi ni mstaafu wa bandari hapa Mtwara. Nimepakia korosho melini miaka mingi, na presha niliipata nikiwa bado kazini. Nameza amlodipini na kile kidonge cha kukojoza, bendrofluazidi.

Mwaka jana nilifiwa na mke wangu, usingizi ukanikimbia. Kwenye kituo kingine cha afya, si kile ninakotibiwa presha, wakaniambia ni sonona, wakaniandikia amitriptilini, nikanunua daftari jipya la kliniki. Aliyeniandikia hakuuliza daftari la presha, nami sikulitoa. Tena tuseme ukweli, huku mtaani ukionekana na daftari la kliniki ya akili, unahesabiwa chizi.

Wiki ya pili niliamka alfajiri nikatawadhe. Kusimama tu, giza. Nilizindukia kando ya pipa la maji, paji la uso limepasuka.

Mfamasia mmoja ndiye aliyenifumbua macho. Amitriptilini nayo hushusha presha mtu anaposimama, na mimi tayari nilikuwa na mbili za kuishusha. Hata fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, ina yake: ikikutana na bendrofluazidi, chumvi ya mwili inaweza kupungua, mzee akaanza kuchanganyikiwa na nyumbani wakasema ni uzee tu. Ikikutana na propranololi, nayo ya presha, moyo unaweza kupiga taratibu mno. Hakusema ni mwiko kuzichanganya. Alisema daktari akijua, huanza na dozi ndogo na kumpima mgonjwa akiwa amekaa, halafu amesimama. Mimi miaka yote napimwa nimekaa.

Kinachoniudhi zaidi ni bahasha za dawa. Yangu iliandikwa "1x1 usiku", basi. Nilipoulizwa baada ya kuanguka nameza nini, nikajibu "vile vidogo vya usiku". Bandarini hatukupakia mzigo usio na karatasi ya kueleza ni mzigo gani. Iweje dawa ya kuingia mwilini ikose jina?

Wahusika wa afya mkoani, agizeni jina la dawa liandikwe kwenye kila bahasha, na anayetoa dawa aulize swali moja: unatumia nini kingine? (Wenzangu msiige kosa langu: kwa woga niliacha zote ghafla, na siku chache baadaye presha ikapaa.)

Madaftari yangu nimeyashona pamoja kwa uzi wa gunia. Nesi alicheka, lakini safari hii aliyasoma yote mawili.

Mstaafu,
Magomeni, Mtwara