Ukubwa wa shamba usipangwe kwa namba moja

KILA kijiji kinapoanza kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi, kuna hoja isiyokosa kujitokeza: iwekwe ekari ya chini ambayo shamba likiifikia haliruhusiwi kugawanywa tena. Wanaoitetea wana sababu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,425,131 mkoani Manyara, na ile ya 2022 ikahesabu 1,892,502. Hilo ni ongezeko la karibu theluthi moja kwa miaka kumi, na ardhi ni ile ile. Shamba la ekari tatu lililomlisha baba likigawanywa kwa watoto wanne, kila mmoja anaondoka na robo tatu ya ekari.

Hofu hiyo ni ya kweli. Dawa inayopendekezwa ndiyo tunayoikataa, kwa sababu itawaumiza wakulima wa Mbulu na Hanang kabla ya kuwasaidia.

Tuanze na Mbulu. Kwenye miinuko ya Kainam, Wairaqw wamelima miteremko kwa vizazi vingi kwa samadi, makinga maji na mifereji, katika vipande ambavyo mtu wa ofisini angeviita vidogo mno. Huko Bashay, mkulima wa vitunguu saumu mwenye maji ya uhakika anaweza kupata katika nusu ekari fedha ambazo jirani yake wa mahindi ya mvua hazipati katika ekari mbili. Sasa namba iwe ipi? Ikiwekwa ekari mbili, wa vitunguu anakuwa mkosaji. Ikiwekwa nusu ekari, wa mahindi hajasaidiwa lolote.

Hanang nayo ilishaonja dawa ya ukubwa. Kuanzia miaka ya 1970, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilichukua zaidi ya ekari 100,000 za tambarare za Basotu kwa ajili ya ngano. Nyingi zilikuwa malisho ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda Mahakama Kuu, wakashinda, kisha Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo mwaka 1985. Matrekta na kombaini vilikuwepo, na ukubwa ulikuwepo wa kutosha, lakini mashamba hayo hayakuweza kusimama yenyewe baada ya msaada kwisha. Tunalikumbusha hili kwa wale wanaodhani ekari nyingi zinaleta tija zenyewe.

Mashine kweli inahitaji eneo. Lakini kombaini haisomi hati. Wakulima kumi wenye ekari mbili mbili zilizopakana, wakikubaliana kupanda mbegu moja wiki moja, wanaikodi kama watu wa ekari ishirini, na kila mmoja anabaki na hati yake. Hapo kinachohitajika ni makubaliano ya majirani, na hayo hayapatikani kwa kumkataza mtu kumrithisha mwanawe.

Majirani zetu wamekwisha kulijaribu. Rwanda, kwa sheria yake ya ardhi ya 2005, ilikataza kugawanya shamba la hekta moja au chini yake. Familia ziliendelea kugawana, ila nje ya daftari: hati ilibaki na jina moja, huku shambani wakilima watatu au wanne. Sheria mpya ya 2021 ilikiondoa kizuizi hicho. Kenya iliandika katika Katiba ya 2010 kwamba Bunge litunge sheria ya ukomo wa juu na wa chini, lakini muswada wa 2015 haukupita.

Mfanyabiashara anayemkopesha mkulima mbegu na mbolea aliangalie jambo hili la daftari kwa makini. Thamani ya hati ya hakimiliki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, inatokana na jina lililoandikwa kuwa ndilo la anayelima. Mgawanyo ukifanywa kwa siri, aliye na jina ndiye anayeweza kuuza, na wa kwanza kutolewa ni mjane na watoto wadogo.

Kinachostahili kusimamiwa ni jinsi shamba linavyokatwa. Ekari moja ya mraba ina mzunguko wa mita 254 hivi. Ekari hiyo hiyo ikikatwa utepe wa upana wa mita 10, urefu unafika mita 400 na ushee, na mzunguko unazidi mita 800. Mpaka umeongezeka zaidi ya mara tatu, na kila mita ya mpaka ni nafasi ya ugomvi. Utepe huo ukishuka na mteremko, wenyewe watalima kufuata urefu wake, na maji yatafuata mifereji ya plau hadi bondeni. Mpango wa kijiji unaweza kuagiza kwamba mgawanyo wa mlimani ukingame na mteremko, kila kipande kiwe na njia, na makinga maji ya zamani yasikatwe.

Malisho ni suala jingine kabisa, na hapa tunaunga mkono katazo. Nyanda za malisho zikigawanywa kwa kaya moja moja, mifugo haina pa kukimbilia wakati wa kiangazi. Sheria inaruhusu hati ya pamoja. Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, walipata yao mwaka 2011 kwa ardhi yao ya kuwindia na kukusanya matunda na mizizi, na wafugaji wa Hanang wanaweza kupita njia hiyo. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 nayo inaruhusu vijiji jirani kupanga pamoja.

Mpango hauwi wa kijiji mpaka mkutano mkuu wa kijiji uupitishe. Siku hiyo ramani ikitandikwa mezani, muulizeni ofisa aonyeshe mistari ya mteremko, njia za ng'ombe kwenda majini, na mpaka wa malisho. Kama havipo, arudi navyo kabla hamjapiga kura.