Imeili ikichelewa, sekretari ndiye wa kusulubiwa!

  

Leo tuziache pembeni habari za nyumba ndogo na mawifi wakorofi, maana kuna kasheshe nyingine inaliza watu maofisini na wala haisemwi. Umetuma imeili asubuhi, mwenzako anasema kaipata mchana. Nani mwongo?

Namzungumzia shemeji yangu mmoja, mke wa rafiki yangu, sekretari katika kampuni fulani hapa Dar. Kampuni siitaji, kwani mkate wake bado unatoka hukohuko. Ilikuwa siku ya kufunga zabuni, mwisho wa kupokea bei saa 6:00 mchana. Shem akatuma bei zao saa 3:07 asubuhi, mapema kabisa. Mteja akasema kaipata saa 6:40. Zabuni ikaenda kwa wengine, na bosi hakuuliza mara mbili: akamwandikia barua ajieleze ndani ya siku saba.

Akaja nyumbani macho mekundu. "Shem, mwenzio kibarua kinaota nyasi. Nimewaonyesha saa niliyotuma, wanasema saa ya kompyuta yangu naweza kuichezea!"

Hapo bosi alikuwa na hoja, tusimwonee. Lakini kuna saa nyingine ambayo sekretari haigusi. Imeili ikitoka kwenye kompyuta yako haiendi moja kwa moja kwa mwenyewe. Inapita kwanza kwenye seva ya ofisi, na seva ina daftari lake. Kila barua inaandikwa humo: imeingia saa ngapi, imepelekwa wapi, imejibiwa nini. Mafundi wanaliita logi.

Kesho yake tukamfuata kijana wao wa kompyuta. Seva yao inatumia Postfix, programu ya bure aliyoitunga Mholanzi mmoja, Wietse Venema, akiwa IBM, ikatoka mwaka 1998. Kijana akafungua faili liitwalo mail.log, akatafuta anwani ya mteja, akapata namba ya barua. Ukishaipata namba hiyo basi tena, unaifuata barua toka kuzaliwa mpaka kuzikwa.

Mstari wa kwanza ulisema 06:07. Bosi, aliyekuwa amesimama nyuma yetu mikono kiunoni, akaguna: "Saa kumi na mbili asubuhi ofisi imefungwa, huyu katuma kutoka wapi?"

Kijana akacheka kidogo. "Mzee, seva tumeipanga Ulaya, na saa yake ni ile ya dunia, iko nyuma yetu masaa matatu. Sita na dakika saba ya kule ni tisa na dakika saba ya huku." Na tisa hiyo kwa Mswahili ndiyo saa 3:07 asubuhi! Jamani, fikiria mtu anafukuzwa kazi kwa sababu hakuna aliyejumlisha tatu.

Kwa hiyo shem alituma mapema, hilo likaisha. Sasa barua ilikuwa wapi masaa yote yale?

Mistari iliyofuata ilikuwa na neno moja linajirudia: status=deferred, yaani imeahirishwa. Pembeni yake namba 451. Hizi namba, msomaji wangu, ni lugha ya seva. Ikianza na 5 ni hapana ya moja kwa moja, barua inarudishwa kwa mtumaji na utajua. Ikianza na 4 ni ile hapana ya mchumba anayeringa: leo sina nafasi, pita baadaye. Barua hairudi wala haifiki, inakaa kwenye foleni kimya, na wewe hujui kitu.

Na seva nayo ina subira ya ajabu. Postfix ikikataliwa inasubiri kama dakika tano, inabisha tena. Kila ikikataliwa inaongeza muda, mpaka kufikia saa moja na dakika kama saba kati ya hodi na hodi. Ilibisha 3:07, 3:12, 3:17, 3:27, 3:47, 4:27 na 5:34. Hodi iliyofuata ndiyo hiyo ya 6:40, mlango ukafunguliwa. Huenda mlango ulikuwa wazi tangu saa 5:40, nani ajuaye, lakini mbishaji alikuwa amelala! Kama hakuna aliyebadilisha mipangilio, inaweza kuendelea hivyo siku tano ndipo ikate tamaa.

Mstari wa mwisho ulikuwa na tarakimu nne baada ya neno delays: 12778/0.02/1.1/0.9. Ni sekunde. Ya kwanza ni muda tangu barua iingie kwenye seva mpaka ilipochukuliwa kwa safari ya mwisho, ya pili kungoja zamu, ya tatu kuunganishwa na seva ya mteja, ya nne kuikabidhi. Ona mwenyewe mzigo uko wapi. Ingekuwa ya tatu ndiyo kubwa, ungeshuku mtandao au kitabu cha majina cha intaneti, ile DNS. Ya nne ikiwa kubwa, pengine umebandika picha nzito.

Na kwa nini walikataliwa? Kijana akarudi nyuma kwenye logi hadi jioni ya jana yake. Kumbe idara ya masoko ilimwaga salamu za sikukuu zaidi ya 2,000 kupitia seva ileile, na nyingi zilielekea kwa kampuni moja ya nje inayopokea barua za wateja wao, huyu wa zabuni akiwemo. Walinzi wa kule wakaona hawa wamezidi, wakaanza kuwazuia getini. Bosi akageuka kumtazama bwana wa masoko, na bwana wa masoko akawa anatazama dari.

Wewe usiye na seva, mwambie aliyepokea akufungulie vichwa kamili vya barua. Mistari inayoanza na Received inasomwa kutoka chini kwenda juu, na pale saa zinaporuka ndipo barua ilipolala. Ila kumbuka kujumlisha yale masaa. Mwenye seva, amri ya mailq inakuonyesha foleni hapohapo, na postqueue -f inaiamsha ibishe tena. Usiibonyeze kila dakika, utawaudhi walinzi zaidi.

Salamu sasa zinatumwa kupitia seva nyingine. Bosi kamwambia shem kwa mdomo kwamba yameisha. Shem kagoma: barua ya kujieleza ilikuja kwa maandishi, anataka na ya kuifuta ije kwa maandishi. Mpaka naandika haya hajaipata, lakini kurasa mbili za logi kazipiga chapa na kaziingiza mwenyewe kwenye faili lake.