Vanila ya Jinja haina nyuki, ina mikono

Vijana wanaoandika hadithi hapa mashariki mwa Uganda wamezuka na nyuki mmoja ambaye mimi simfahamu. Ukisoma miswada yao utamkuta akivuma katika shamba la vanila karibu na Jinja, akiruka kutoka ua hadi ua, na baada ya kurasa mbili maganda yananing'inia na mwenye shamba amekuwa tajiri. Lugha yao ni tamu, sikatai. Tatizo ni kwamba nyuki huyo hayupo.

Vanila, ambayo wengine huiita lavani, ni aina ya okidi iliyotoka Meksiko na Amerika ya Kati. Huko kwao wako nyuki wa okidi, wanaong'aa kijani na buluu kama chuma kilichosuguliwa, na wataalamu huwataja miongoni mwa wachavushaji wake. Dume la nyuki hao lina tabia ya ajabu. Hukusanya manukato kutoka maua mbalimbali na kuyaweka katika miguu yake ya nyuma iliyovimba. Hayali. Huyatunza kwa ajili ya kumvutia jike. Nikimfikiria, humwona mchuuzi anayerudi kutoka safari na kitu kidogo cha kila soko alilopitia.

Wahispania walipoubeba mmea huo kuvuka bahari, nyuki walibaki. Kwa muda wa kama miaka 300, vanila iliyopandwa mbali na kwao ilikua, pengine ikachanua, lakini kuzaa hakuna.

Nani ataelewa habari hiyo kuliko mtu aliyewahi kuondoka kwao? Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka, na Jinja ikabaki na maduka yasiyo na wenyewe. Baadhi yao walirudi miaka ya 1990 kudai mali zao. Waganda wengine walivuka kuingia Kenya wakati wa misukosuko, wakarejea baada ya 1986. Mtu hurudi akiwa mzima, akapewa hata ufunguo wa nyumba yake, lakini yule aliyekuwa akimuunganisha na majirani hayupo tena. Huo ni mwanzo wa riwaya, ndugu zangu, na umelala katika ua.

Sasa tazameni jinsi vanila ilivyopata kuzaa. Mwaka 1836 Charles Morren, mtaalamu wa mimea wa Liège nchini Ubelgiji, alifaulu kuichavusha kwa mkono, ila njia yake haikuwafaa wakulima. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12 aliyeitwa Edmond alichukua kijiti chembamba, akainua utando mdogo unaotenganisha sehemu ya kiume na ya kike ndani ya ua, akabonyeza kwa kidole gumba. Basi. Njia hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo, Madagaska na hapa kwetu. Baadaye mtaalamu mashuhuri, Jean Michel Claude Richard, alidai kwamba ni yeye aliyemfundisha kijana huyo. Aliyesimama kumtetea ni Ferréol Bellier-Beaumont, yule yule aliyekuwa akimmiliki. Utumwa ulifutwa mwaka 1848, Edmond akapewa jina la Albius, akafa maskini mwaka 1880.

Ndiyo maana nyuki wa kubuni ananikera. Ukimweka katika hadithi, umemfuta mtu. Toka Jinja, vuka daraja jipya la Nile lililofunguliwa mwaka 2018, uende Kayunga au Mukono msimu wa maua. Ua la vanila hufunguka asubuhi na kufikia alasiri limenyauka. Likipitwa siku hiyo, limekwisha. Kwa hiyo kunapopambazuka wamo shambani watu, wengi wao akina mama na vijana, wanapita mstari kwa mstari na kijiti au mwiba mkononi, ua moja baada ya jingine. Ganda hukaa kama miezi 9 ndipo likomae, na likiwa bichi halinukii. Harufu huja baadaye, baada ya kulitia maji moto, kulifunika, kulianika na kulitunza kwa miezi kadhaa, mara nyingi mbali na mikono iliyoanza kazi.

Wezi nao hawakosekani. Kimbunga cha mwaka 2000 kilipoharibu mashamba ya Madagaska, bei ilipanda hadi kufikia mwaka 2003 kilo moja ya vanila iliyokaushwa iliuzwa kwa takriban dola 500. Mwaka 2005 ilikuwa imeshuka chini ya dola 50. Hapa kwetu watu walilala shambani kulinda maganda. Wakulima wa Madagaska huyachoma maganda mabichi kwa pini ili kila mmoja aache alama yake, na kovu hilo halifutiki. Anayetaka kuandika kesi ya mahakamani yenye ushahidi wa ganda, kazi kwake.

Akimtaka nyuki wa kweli, na ashike barabara ya Tirinyi hadi Mbale. Kahawa ya Bugisu huchanua meupe kwenye miteremko ya Mlima Elgon mvua zikianza, na nyuki huijaa, ingawa aina hiyo ya kahawa yaweza kujichavusha yenyewe. Mimi ningekaa zaidi kwenye pasheni.

Pasheni ya manjano haizai kwa chavua yake yenyewe. Lazima iletwe kutoka mti mwingine. Ua lake hufunguka adhuhuri, nalo ni pana, hata nyuki wa asali mdogo huweza kuchukua chavua na kuondoka bila kugusa panapotakiwa. Anayeiweza kazi hiyo ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, ambaye mgongo wake husugua ua kila aingiapo. Ndiye huyo huyo anayetoboa boriti za nyumba zetu, na mwenye nyumba humwagia mafuta ya taa ndani ya tundu.

Nimevusha pasheni Lwakhakha na Busia, na najua ugomvi wa magunia mepesi. Mnunuzi humwambia mkulima kwamba amemuuzia rafiki zake mzigo mzuri. Mkulima hulaumu miche aliyouziwa. Wanabishana kivulini, chini ya paa lile lile lenye matundu yanayonuka mafuta ya taa. Ni nani atakayeinua macho kwanza, mke wa mkulima au mtoto wake, mimi sijaamua. Atakayeandika na aamue.