Fundi Asiye na Futi

Kuna maneno yameenea miongoni mwa vijana wapenda magari hapa Kampala, nami nimeyachoka. Wanasema seti ya turbo ya kununua ni ya wavivu na ya wenye pesa za kuchezea. Mwanamume hasa huunda yake. Waambie kwamba unafikiria kuagiza seti kamili, yenye turbo, manifoldi, mabomba, nozeli na kontroli boksi, vyote vikiwa vimetengenezwa kwa ajili ya gari la aina moja inayojulikana, nao watakucheka. Watakuambia kuwa nguo ya dukani haiwezi kukukaa kama nguo ya kushonesha.

Mfano huo wa nguo naukubali, na kwa mfano huo huo nitawajibu. Nguo ya kushonesha humkaa mtu vizuri kwa sababu moja tu: fundi alishika futi akampima mabega, kiuno na urefu wa mguu, akaandika, kisha ndipo akakata kitambaa. Fundi aliyekutazama kwa jicho akakata papo hapo hakukushonea, amekukisia. Sasa niambieni, wenzangu: kati ya mafundi wanaotuuzia turbo za kushonesha, wangapi wana futi?

Msimamo wangu ni huu. Mtu wa kawaida, mwenye gari moja analolitegemea, achague kitu kilichokwisha kupimwa. Anayetaka ya kushonesha aanze kulipia vipimo, vyuma vifuate. Kinyume cha hapo ni kamari, na kamari isiitwe ufundi.

Tuanze na turbo yenyewe, maana ubishi mwingi unatokana na kutoielewa. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905. Wazo lenyewe ni rahisi: moshi unaotoka kwenye injini bado una nguvu, basi kwa nini upotee bure? Moshi huo huzungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa mhimili mmoja na gurudumu la pili linalovuta hewa safi na kuisukuma ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli nayo huweza kuzidi, na nguvu huongezeka. Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nao huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikikatika kwa muda mfupi tu, turbo imekwisha.

Lakini hewa iliyoshindiliwa hupata joto. Hewa ya nyuzi 25 ikishindiliwa kwa presha ya nusu bar hutoka kwenye turbo ikiwa na zaidi ya nyuzi 70. Hewa ya moto ndani ya silinda, pamoja na petroli isiyotosha au cheche inayowahi mno, huufanya mchanganyiko ulipuke wenyewe kabla ya wakati wake. Ndiyo ile sauti tunayoiita injini kugonga. Anayedhani ni kelele tu ajue kwamba ni nyundo inayopiga kichwa cha pistoni maelfu ya mara kwa dakika. Kwa hiyo, anayeongeza turbo lazima ajibu maswali mengi kwa pamoja: hewa kiasi gani, petroli kiasi gani, cheche ipige lini, joto litolewe wapi, oili iingie na kurudi kwa njia ipi. Jibu la swali moja likibadilika, mengine yote hubadilika.

Tazameni jinsi wenye kiwanda walivyoyajibu maswali hayo. Toyota Starlet tunaijua sote. Ile ya kawaida ya miaka ya 1990, yenye injini ya 4E-FE ya lita 1.3, ilikuwa na nguvu za farasi 85 hivi. Toyota walipotaka Starlet yenye turbo hawakuchukua injini hiyo wakaichomelea turbo ubavuni. Waliunda injini ndugu yake, 4E-FTE. Ujazo ni ule ule, lakini uwiano wa mgandamizo waliushusha kutoka 9.6 kwa 1 hadi 8.2 kwa 1, ili silinda iweze kupokea hewa ya ziada bila kugonga. Waliweka intakula juu ya injini ya kupoza hewa, pamoja na kontroli boksi inayojua kwamba kuna turbo. Matokeo yakawa farasi 135. Farasi hao 50 wa ziada hawakuletwa na turbo peke yake, bali na hesabu iliyofanywa kuizunguka turbo hiyo.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike makala haya. Kaka yangu alikuwa na Starlet ya kawaida. Mchana ilimpeleka kazini, jioni ilibeba abiria, na sehemu ya pesa za abiria ndiyo iliyonilipia karo. Akakutana na fundi aliyemwahidi turbo ya kushonesha kwa shilingi milioni 3 na nusu, kazi ya siku nne. Turbo yenyewe ilitolewa kwenye gari jingine lililokufa. Ni gari gani, hatukuambiwa. Manifoldi ikachomelewa kwa mabomba ya kawaida. Intakula haikuwekwa, eti presha ni ndogo. Nozeli zikabaki zile zile, kontroli boksi ile ile. Bomba la kurudisha oili likapitishwa palipokuwa na nafasi, likapinda kwenda juu kabla ya kushuka. Kumbe oili hutoka kwenye turbo kwa uzito wake tu, haina pampu ya kuisukuma. Ikikuta mlima hurudi nyuma na kupenya kwenye sili. Siku ya tatu gari likaanza kutoa moshi wa buluu.

Mimi nilimuuliza fundi swali moja: presha ni kiasi gani? Akaweka mkono kwenye bomba, akakanyaga mafuta, akasema, "Mdogo wangu, hii inatosha." Hiyo ndiyo geji tuliyopewa.

Wiki ya pili, kwenye barabara ya Jinja, gari likiwa na watu wanne na linapanda, injini iligonga kwa muda mfupi kisha nguvu ikapotea. Ilipofunguliwa, pistoni ya tatu ilikuwa imevunjika ukingo na silinda imechubuka. Fundi alipoitwa alitazama, akatikisa kichwa, akasema injini ilikuwa imezeeka. Kaka hakuwa na la kumjibu. Muhula ule nilijisajili kwa kuchelewa, na faini juu yake.

Lililoniuma zaidi ya hasara ni ile kauli ya kwamba injini ilikuwa imezeeka. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Hakuna awezaye kujua, kwa sababu hakuna kilichopimwa. Mgandamizo wa silinda haukupimwa kabla ya kazi. Mchanganyiko wa hewa na petroli haukupimwa baada ya kazi. Pasipo na namba hapana wa kulaumiwa, na fundi wa namna hiyo analijua hilo vyema. Seti kamili ya mtengenezaji makini huja na karatasi: presha mwisho hapa, petroli ya oktani hii, plagi za aina hii, usivuke mpaka huu. Karatasi ile ni ahadi. Ukiifuata na kitu kikavunjika, una mahali pa kushika. Turbo ya kushonesha isiyo na vipimo inakuacha mikono mitupu.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo niyatangulie.

La kwanza ni bei. Watasema seti kutoka Japani au Marekani ni ghali mno, na ukiongeza usafiri na ushuru haishikiki. Ni kweli, ni ghali. Lakini tuhesabu vizuri. Anayenunua seti hanunui vyuma tu, ananunua pia makosa ambayo wengine wamekwisha kuyalipia. Pistoni zilizovunjika wakati wa majaribio zilikuwa za kampuni. Anayeshonesha bila vipimo ananunua vyuma kwa bei nafuu, halafu majaribio yanafanyika ndani ya injini yake, kwa gharama yake. Kaka alilipa milioni 3 na nusu za turbo, kisha akanunua injini nyingine. Na kama pesa za kitu kilichopimwa hazipo, basi turbo bado haijafika wakati wake. Gari lisilo na turbo si gari gonjwa.

La pili ni kwamba hakuna seti ya gari langu. Hili lina uzito, maana watengenezaji hufuata magari yenye wanunuzi wengi kwao, nasi tunaendesha mengine. Lakini kwa magari mengi tunayoyapenda, kiwanda chenyewe kilishatengeneza seti. Mwenye Starlet anaweza kutafuta injini nzima ya 4E-FTE pamoja na giaboksi, nyaya na kontroli boksi yake. Watu huiita kazi hiyo kubadili injini; mimi naiita seti iliyo kamili kuliko zote, kwa sababu ilipimwa na waliounda gari. Hata Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution, zinazoshangiliwa kila mwaka katika mashindano ya Pearl of Africa Uganda Rally, zilizaliwa na turbo zao. Mafundi wa mashindano huzibadilisha sana, naam, lakini wanajenga juu ya msingi uliopimwa, na wana vyombo vya kupimia.

La tatu ndilo zito, nami nalipokea. Watasema seti haiijui Kampala. Ni kweli. Gari linashuka melini Mombasa, usawa wa bahari, kisha linapanda hadi kwetu, takriban mita 1,200 juu. Hapa presha ya hewa ni kama asilimia 87 ya ile ya pwani. Seti iliyopimwa pwani, kama kontroli boksi yake inadai hewa ile ile, italazimika kuizungusha turbo kwa kasi zaidi hapa, na hewa itatoka na joto zaidi. Petroli nayo huenda isiwe ya oktani ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Kwa hiyo seti nayo ipimwe tena hapa, na ikibidi presha ipunguzwe. Lakini angalieni hoja hii inakoelekea. Inadai vipimo zaidi, haihalalishi kukisia. Nguo ya dukani ikiwa ndefu, fundi hupunguza mguu wa suruali. Huitupi nguo nzima ukamwendea mtu wa kukukatia kitambaa gizani.

La nne hutamkwa kwa hasira: kwamba mimi, mwanafunzi wa chuo, nawadharau mafundi wetu. Hapana. Nimesimama katika Soko la Kisekka nikamwona mtu akishika bearingi, akaigeuza mara moja mkononi na kutaja magari inakotumika. Nimeona injini ikishushwa na watu wawili kwa mnyororo na mti, ikarudishwa kabla ya jua kuzama. Akili na mikono ipo. Ndiyo maana nakataa kuwasifu kwa kukisia. Anayemwambia fundi wetu kwamba hahitaji geji kwa kuwa ana kipaji, huyo ndiye anayemdharau, kwani anamwekea kiwango ambacho asingekikubali kwa daktari wala kwa fundi cherehani. Geji ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli huwekwa kwenye bomba la ekzosi na kusomwa mtu akiwa amekaa ndani ya gari. Turbo ikisukuma, injini nyingi za petroli huhitaji mchanganyiko wa hewa 11.5 hadi 12 kwa petroli 1. Ukiona 14 wakati huo, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja. Tofauti hiyo sikio haliisikii, hata sikio la fundi wa miaka 30.

Turbo ya kushonesha, ikipimwa, inaweza kuishinda seti yoyote. Fundi aliyepima injini yako, akachagua turbo kwa ukubwa wake, akaweka nozeli za kutosha, akaandika upya ramani ya petroli na cheche huku geji ikimwonyesha kila hatua, huyo mlipe anachotaka na umshukuru. Amekushonea kweli. Ugomvi wangu ni na wale wanaochukua jina la kazi hiyo na kuliuza bila kazi yenyewe, na vijana wenzangu wanaowashangilia kwa sababu turbo inalia vizuri wakati wa kubadili gia.

Basi kabla hujatoa shilingi yako, muulize fundi mambo matatu. Mgandamizo wa silinda zangu ni kiasi gani leo, kabla hujagusa kitu? Turbo itasukuma presha gani, na nitaisoma wapi? Mchanganyiko utakuwa ngapi kwa moja injini ikibeba mzigo mlimani, na utanionyesha kwa chombo gani? Akikujibu kwa namba, kaeni mzungumze bei. Akiweka mkono kwenye bomba na kukuambia inatosha, mwamkie kwa heshima, chukua funguo zako, uondoke gari lingali linawaka.