KUGEUZA MWANZO WA SHUJAA: NI UONGO?



Kati yetu kuko mabishano juu ya wale mashujaa wa vitabu vya picha vya Marekani. Mumoja anasema Superman alianza hivi, mwingine anasema hapana, ni vile. Mwisho wanachoka: "Ile yote ni uongo, kila mara wanageuza." Mimi ninaona kugeuza si kosa. Kosa ni kugeuza bila kujua kitu gani kinapaswa kubaki.

Tuanze na Superman mwenyewe. Alitokea mwaka wa 1938. Jerry Siegel aliandika, Joe Shuster alichora. Wakati ule hakupaa angani hata kidogo. Alikuwa anaruka tu, karibu metre 200 kwa mara moja. Nguvu yake ilikuwa ya kabila lake: watu wote wa sayari yake walikuwa hivyo. Nyuma wakasema hapana, inatoka kwa jua letu. Kwanza mupita njia mwenye motokari alimuokota na kumupeleka kwenye nyumba ya yatima; mwaka wa 1939 wakaingia Bwana na Bibi Kent waliomulea. Mwaka wa 1986 John Byrne akaandika upya, na wale wazazi wakawa wangali wazima wakati mutoto wao amekwisha kuwa shujaa.

Maneno mengi yamegeuka, ndiyo. Lakini mufupa ni ule ule: mutoto aliyepoteza inchi yake, akapokelewa na wageni, akawasaidia. Na Siegel na Shuster walikuwa watoto wa Wayahudi waliohama kutoka Ulaya. Walijua wanasema nini.

Kuko kugeuza kunakoletwa na wakati. Mwaka wa 1963 Tony Stark, yaani Iron Man, aliumia katika vita ya Vietnam. Ile vita iliisha mwaka wa 1975. Ukimuacha kule, leo ni muzee wa fimbo! Kwa hiyo filimu ya mwaka wa 2008 ilimupeleka Afghanistan. Buibui aliyemuuma Spider-Man mwaka wa 1962 alikuwa na sumu ya atomiki, sababu watu waliogopa bomu. Katika filimu ya mwaka wa 2002 ni buibui aliyegeuzwa na wataalamu katika laboratware. Woga umegeuka, buibui naye amegeuka. Hapa sioni neno baya.

Lakini kuko kugeuza kunakovunja mufupa. Mwaka wa 1939 wazazi wa Batman waliuawa na mwizi wa barabarani, mutu asiye na jina. Kwa hiyo mutoto aliapa kupigana na wabaya wote. Filimu ya mwaka wa 1989 ikasema muuaji ni Joker, adui yake mukubwa. Basi vita yake imekuwa kisasi cha mutu mumoja! Spider-Man vilevile: alimuacha mwizi apite, na yule mwizi akaua mjomba wake. Ndipo alipojifunza. Filimu ya mwaka wa 2007 ikaleta muuaji mwingine, na lile somo likapunguka uzito.

Sababu iko wapi? Siegel na Shuster waliuza haki ya Superman kwa dola 130. Tangu pale mwenye kuamua ni kampuni, na kampuni inatafuta wanunuzi wapya.

Sisi pia tuko na mashujaa. Mwindo wa Wanyanga alitoka katika kidole cha mama yake, ndivyo muzee Candi Rureke alivyosimulia mwaka wa 1956. Wasimulizi wengine wana njia yao, na hakuna anayewaita waongo. Siku moja ni sisi tutakaosimulia. Kwa hiyo, wandugu, tuache kuuliza: "Ya kweli ni gani?" Tuulize: "Wametoa nini, wameacha nini, na kwa faida ya nani?" Mwenye kujua mufupa atageuza nyama bila kuua hadithi.

Mwanafunzi wa mwaka wa 5