Mafuriko Yakipungua, Magonjwa Ndiyo Huanza

MVUA kubwa ikikoma, watu humshukuru Mungu, hutengeneza daraja na kurudi shambani. Kwangu mimi daktari, huo ndio wakati wa kujiandaa. Ukitaka kujua hali ya mto wenu, njoo uketi kwenye benchi ya wagonjwa wiki mbili baada ya mafuriko.

Utafahamu, msomaji, ya kwamba mafuriko huzoa uchafu wa vyoo vya shimo, samadi na taka za sokoni na kuumwaga mtoni. Kipindupindu hujitokeza kwa muda wa saa chache hadi siku tano. Homa ya matumbo huweza kuchukua wiki moja hadi tatu, na kufikia hapo mgonjwa ameshasahau maji aliyokunywa. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini, nasi tuliyasikia redioni. Mtoto anayehara mwezi mmoja baadaye hatangazwi.

Nakiri kosa langu. Kwa miaka mingi nilitibu watoto wa kuhara, wakapona, kisha mama zao wakawarudisha. Nilibadilisha dawa bila kuuliza maji huchotwa wapi. Siku nilipomwuliza mama mmoja, alinijibu: "Pale pale mtoni, daktari. Kwani kuna pengine?"

Mito yetu hushuka kutoka Mlima Kenya. Kathita hupita karibu na mji wa Meru, Rupingazi karibu na mji wa Embu, na maji yote huishia Tana. Aliye juu akitupa nepi mtoni, anayeugua ni aliye chini. Mto Thuci nao ni mpaka wa Embu na Tharaka-Nithi, eneo lililokuwa sehemu ya Meru hadi 1992. Ng'ambo moja ikisafisha na ya pili ikatupa taka, wote wataugua.

Kazi hii si ngeni kwetu. Mradi wa serikali na shirika la IFAD ulioanza 2004 ulishirikiana na wananchi kutunza mito kama Kathita, Ena na Kapingazi. Ulifungwa 2012 na mwingine ukafuata, lakini pesa za wafadhili haziwezi kulinda kila ukingo. Vyama vya watumiaji wa maji vinatambuliwa na sheria tangu 2002. Je, wewe ni mwanachama?

Sheria hutaka ukingo wa mita 6 hadi 30 uachwe bila kulimwa. Mwenye kishamba cha nduma kando ya maji atakuuliza watoto wake watakula nini. Swali lake ni la haki, na kumtisha kwa jina la chifu si jibu. Mpelekeeni miche ya mianzi na nyasi ya nepia, ambayo hushika udongo na kulisha ng'ombe. Mikaratusi isipandwe hapo, kwa sababu hunywa maji mengi.

Anzeni na mita 100 tu. Katika baraza, mhudumu wa afya aulize ni akina mama wangapi waliotibu mtoto wa kuhara tangu mvua iishe. Mikono itakayoinuliwa itawashawishi watu kuliko hotuba yoyote. Kule Meru, waalikeni wazee wa Njuri Ncheke, kwa sababu neno lao huheshimiwa. Kisha mpange siku moja kwa ng'ambo zote mbili.

Ngojeni maji yatulie kwanza. Vaeni gambuti na glavu, mwenye kidonda asiingie majini, na watoto wasiokote taka. Anayekatwa na chuma aende zahanati achanjwe dhidi ya pepopunda. Choo kipya kichimbwe mita 30 au zaidi kutoka mtoni. Na hata mto ukipendeza macho, endeleeni kuchemsha maji ya kunywa.

Dawa ninayo, na nitaendelea kuitoa. Lakini nikimtibu mtoto asubuhi na jioni akanywa maji yale yale, nitakuwa nimefanya nusu ya kazi. Nusu ile nyingine iko mikononi mwako, wewe na jirani yako wa ng'ambo.