Umaarufu Si Uraia

Kila mwanamichezo chotara anapotwaa ubingwa, hujitokeza wanaotangaza kwamba ubaguzi umekufa katika nchi yake. Hoja hiyo ni dhaifu, na Japani inatupatia ushahidi wa kuivunja.

Naomi Osaka alizaliwa Japani mwaka 1997, mama Mjapani na baba Mhaiti, akakulia Marekani. Mwaka 2018 alimshinda Serena Williams katika fainali ya tenisi ya US Open. Japani ikamshangilia. Lakini Januari 2019 mdhamini wake, kampuni ya tambi ya Nissin, ilimchora katika katuni ya tangazo akiwa na ngozi nyeupe. Watu walipolalamika, tangazo likaondolewa na kampuni ikaomba radhi. Walioidhinisha mchoro ule waliutaka ushindi wake bila sura yake.

Tarehe 23 Julai 2021 Osaka ndiye aliyewasha mwenge wa Olimpiki mjini Tokyo. Siku nne baadaye alitolewa na Marketa Vondrousova katika raundi ya tatu. Papo hapo mitandaoni wakazuka wa kuuhoji Ujapani wake na haki yake ya kuushika mwenge ule. Rui Hachimura, mchezaji wa mpira wa kikapu ambaye baba yake anatoka Benin, alibeba bendera ya Japani katika michezo hiyohiyo. Miezi miwili tu kabla, yeye na ndugu yake walikuwa wamefichua matusi ya kibaguzi wanayotumiwa.

Watetezi watasema wenye matusi ni wachache, na kwamba mashujaa hawa wamefungua macho ya wengi. Nakubali kwamba wameyafungua. Lakini je, mtoto chotara asiyejua kurusha mpira wala teke analindwa na nini? Sheria ya mwaka 2016 ya kupinga kauli za chuki nchini Japani haikuweka adhabu yoyote, na hadi leo nchi hiyo haina sheria ya jumla inayokataza ubaguzi wa rangi katika ajira na upangaji wa nyumba. Bingwa ana mashabiki na wanasheria. Mtoto yule hana hata kifungu cha kushikia.

Hapo ndipo ulipo udanganyifu wa umaarufu. Umma huutoa leo na kuunyang'anya kesho, kwa kutegemea matokeo ya uwanjani. Uraia haupaswi kuwa na masharti ya namna hiyo: aliyeshindwa katika raundi ya kwanza ni raia sawasawa na mwenye medali.

Nasi tusijifanye watazamaji wa mbali. Neno "chotara" ni letu, na swali "kwenu hasa ni wapi?" linajulikana kwenye madirisha ya ofisi zetu. Mtumishi wa umma anayelielekeza kwa mwananchi kwa sababu ya rangi au jina lake, ilhali hati zote zipo mezani, anatenda kosa lilelile. Ahudumiwe kwa hati zake, awe maarufu au asiwe.